Hara Takashi, mkubwa aliyekataa majina makubwa

Wengi wetu tumesikia habari za mashahidi wa Nagasaki, waliosulibiwa mwaka 1597. Leo tunataka kuwasimulia habari za Mjapani mwingine. Huyu hakuwa mtakatifu, bali mtu wa siasa. Lakini maisha yake yanafaa kufikiriwa na kila mwenye kuongoza na kila mwenye kupiga kura.

Hara Takashi alizaliwa mwaka 1856 huko Morioka, kaskazini ya Japani, katika jamaa ya wakubwa. Mwaka 1868 majeshi ya Kaisari yalipigana na watu wa kaskazini, yakawashinda. Tangu hapo washindi waliwadharau, wakisema kwamba huko mlima mzima ni wa senti mia tu. Hara hakulisahau tusi lile. Baadaye alijichagulia jina la kutia katika maandiko yake: Mlima Mmoja.

Jamaa yake ikawa maskini. Kijana akaingia shule ya mapadri Wafaransa mjini Tokyo. Mwaka 1873 serikali iliondoa mbao zilizotangaza katazo la Ukristu, na mwaka ule ule Hara, mwenye miaka 17, alibatizwa kwa jina la Daudi. Kisha akafuatana na Padri Evrard mpaka Niigata. Yeye alimtumikia padri, na padri alimfundisha Kifaransa. Mwaka 1875 aliacha daraja ya jamaa yake, akaandikwa kuwa raia wa kawaida.

Kifaransa kile kilimfungulia njia. Baada ya kuandika katika gazeti, aliingia kazi ya serikali, akatumwa China, halafu Paris. Mwaka 1900 aliingia chama kipya cha Seiyukai, na mwaka 1902 watu wa Morioka walimchagua kuwa mjumbe wao. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani mara tatu. Akajua kuunganisha watu: sehemu zilizounga mkono chama chake zilitazamia reli, barabara na shule. Wengi walimlaumu kwa sababu hiyo, wala si bure.

Mwaka 1918 bei ya mchele ilipanda mno. Wanawake wa pwani ya Toyama walianza kulalamika, na ghasia zikaenea nchini. Waziri mkuu, aliyekuwa jemadari, akajiuzulu, na Hara akawekwa mahali pake. Ndiye waziri mkuu wa kwanza aliyekuwa mjumbe wa baraza lililochaguliwa na raia, tena wa kwanza kubatizwa. Mara nyingi alitolewa majina ya heshima ya mabwana wakubwa, akayakataa. Angaliyapokea, asingaliweza kukaa tena katika baraza lile.

Lakini tusimsifu kupita kiasi. Mwaka 1919 alipunguza kodi iliyompa mtu haki ya kupiga kura, kutoka yen 10 mpaka yen 3. Wanaume wote walipoidai haki hiyo, alikataa, akavunja baraza mwaka 1920. Na Wakorea waliposimama kudai uhuru mwaka 1919, serikali yake iliwatia askari, na damu nyingi ikamwagika. Yeye aliyejua uchungu wa kudharauliwa hakuuona vya kutosha kwa wengine.

Tarehe 4 Novemba 1921, katika kituo cha gari la moshi Tokyo, kijana mmoja mfanyakazi wa reli alimchoma kisu, akafa. Wosia wake ulikataa vyeo hata baada ya kufa. Alizikwa Morioka, katika hekalu la Wabuda, na juu ya kaburi liliandikwa jina lake tu.

Mwaka 1925 wanaume wote waliotimiza miaka 25 walipewa kura. Lakini kisu kile hakikuwa cha mwisho: waziri mkuu Hamaguchi alipigwa risasi mwaka 1930 katika kituo kile kile, na Inukai aliuawa na askari mwaka 1932. Ndipo serikali za vyama zikakoma, na majemadari wakaiburuta nchi hata maangamizi ya mwaka 1945.

Basi, ndugu, tukimchagua mkubwa, tusimpime kwa majina anayoitwa. Tumwulize kama anawakumbuka walio chini kuliko yeye. Na tusipopendezwa naye, tumwondoe kwa kura. Mwenye kumwondoa kwa kisu huwafungulia mlango wenye visu.