Jiko la mama: tukarabati au tununue jipya?

Mwezi jana mama alinipigia simu kutoka Limuru. Jiko lake la makaa limepasuka. Ndugu zangu wakasema tumnunulie jipya, tumalize maneno. Lakini mimi huandika programu, na swali hili nalijua sana kazini: turekebishe iliyopo au tuanze upya? Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa nikataka kujua jiko hili limetoka wapi.

Haya basi, turudi nyuma. Jiko la bati tupu husemekana kuletwa na vibarua Wahindi waliojenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901. Ni jepesi na fundi huliunda kwa mabati makuukuu. Kasoro yake ni kwamba joto hupotelea ubavuni. Ukinunua makaa ya shilingi 100, joto linalofika kwenye sufuria ni la shilingi 10 hadi 20 tu!

Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, watu wakaanza kuhofia nishati. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati mbadala hapa Nairobi. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa 1980, wataalamu na mafundi, Maxwell Kinyanjui akiwa mmoja wao, waliunda jiko tunalolijua leo. Wazo la udongo lilitoka Thailand, kwenye jiko lenye umbo la ndoo.

Sasa hapa ndipo paliponifurahisha. Hawakulitupa jiko la zamani. Makaa yalibaki yale yale, sufuria zile zile, na mafundi wa bati wa Shauri Moyo wale wale. Walichobadilisha ni ndani: juu ya kiuno chembamba wakaweka chungu cha udongo uliochomwa, chenye matundu ya kupitisha hewa na jivu. Udongo haupitishi joto haraka kama bati, kwa hivyo joto linalofika kwenye sufuria likapanda hadi asilimia 25 na zaidi. Mafundi wakaigana bila kizuizi, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko haya yalikuwa zaidi ya 700,000 nchini.

Nilipofika Limuru nikalikagua. Bati zima, mlango wa hewa unafunga, miguu imara. Kilichopasuka ni chungu peke yake. Mama akacheka: "Si nilikwambia? Hilo halijafa, ni tumbo tu linaliuma." Fundi akatoa chungu kibovu, akaweka kipya kwa saruji. Bati lingekuwa limeliwa na kutu, ningenunua jipya bila kusita.

Lakini kuna kasoro ambayo fundi hawezi kuitoa. Julai baridi ikizidi, mama huliingiza jiko sebuleni aote moto, madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa yakiungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia kuna watu wamelala wasiamke. Udongo huokoa makaa, lakini hauiondoi gesi hiyo. Kasoro hii ni ya makaa yenyewe, na chungu kipya hakiitibu.

Kwa hivyo tumeamua hivi: jiko limekarabatiwa, litapikia barazani tu. Pesa zilizobaki zimenunua blanketi mbili nzito.