Nyuma ya Kila Picha Kali ya Kilimanjaro Kuna Mtu Asiye na Jina

Fungua Instagram muda huu, tafuta Kilimanjaro, halafu shuka nayo taratibu. Utakutana na picha zilezile: mahema yanawaka usiku chini ya nyota, bahari ya mawingu asubuhi, ile miti ya ajabu ya Barranco, na mwisho kabisa mtu kanyoosha mikono pembeni ya kibao cha Uhuru. Chini yake kuna jina la mpiga picha, jina la kampuni ya utalii, wakati mwingine mpaka jina la koti alilovaa.

Sasa rudi uzitazame tena. Yale mahema nani aliyasimamisha? Yule jamaa mdogo anayepita kwenye ukingo na mzigo kichwani ni nani? Na ile picha ya kileleni, nani alibonyeza? Hapo maelezo ya picha yanakaa kimya.

Leo tunapiga stori ya jinsi picha za mlima wetu zilivyoanza, na jinsi watu hawa walivyoachwa bila majina tangu zamani. Kaa mkao wa kula.

KABLA YA KAMERA

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani anaitwa Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka upande wa Mombasa kwenda Uchagani. Asubuhi akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Kiongozi wake wa njia akakiita kwa neno moja tu: baridi. Rebmann akaelewa hapohapo kwamba anaangalia theluji, karibu kabisa na ikweta.

Taarifa ilipofika Ulaya, wakubwa wa jiografia London wakamcheka. Mmoja wao, W. D. Cooley, alimpinga kwa miaka. Theluji Afrika? Haiwezekani! Kamera ilikuwa imeshatangazwa duniani tangu 1839, lakini Rebmann hakuwa nayo. Yaani ilikuwa ni ile ya "bila picha ni uongo", miaka zaidi ya 150 kabla ya mitandao. Mjadala ulianza kuisha baada ya Baron von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1861 na 1862, akaangukiwa na theluji yenyewe.

Zingatia kitu kimoja hapo. Wakati wasomi wanabishana London kama kuna theluji, yule kiongozi wa njia alikuwa ameshasema kule juu kuna baridi. Neno lake lilihitaji kuthibitishwa na mgeni ndipo liaminike.

VIOO KICHWANI

Tuje mwaka 1887. Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, anapanda kwa mara ya kwanza. Familia yake ilikuwa na kampuni ya kuchapisha vitabu, kwa hiyo jamaa alijua thamani ya picha. Hakufika kileleni, barafu ilimzuia, lakini mwaka 1888 alitoa kitabu chenye picha 40 za safari yake. Watu wa Ulaya sasa waliweza kuuona mlima wakiwa wamekaa sebuleni kwao.

Usifikirie kamera kama hii ya simu yako. Kamera za wakati ule zilikuwa masanduku ya mbao, zina miguu mitatu, na picha ilikaa kwenye kioo. Kila picha moja na kioo chake. Kioo kinavunjika, kioo ni kizito, na mwanga ukiingia kabla ya kusafishwa, picha imekufa. Sasa mzigo wa namna hiyo unatokaje Pwani hadi kwenye barafu? Hakukuwa na gari, hakukuwa na reli ya kufika huko. Ulipanda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mpagazi wa misafara ya zama hizo alibeba karibu kilo 30, siku baada ya siku, kwa miguu.

Mwaka 1888 Meyer alirudi tena, akakamatwa wakati wa vita vya Abushiri, akaachiwa baada ya kulipa fedha. Mwaka 1889 akaja mara ya tatu, safari hii na mpanda milima kutoka Austria, Ludwig Purtscheller. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama kileleni.

Lakini angalia walivyofanikiwa. Siri haikuwa miguu yao peke yake. Waliweka kambi juu, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kutoka Marangu, kwa Mangi Mareale, kuwaletea chakula. Kwenye kambi ya zaidi ya mita 4,000 walibaki na mtu mmoja kutoka Pangani, Mwini Amani. Mtu wa Pwani, wa joto na nazi, akakaa kwenye ule upepo akilinda kambi wakati wenzake wanatafuta kilele.

Unajua kwa nini leo tunaweza kumtaja Mwini Amani? Ni kwa sababu Meyer aliliandika jina lake kwenye kitabu. Basi. Haikuchukua zaidi ya wino kidogo. Na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye leo anatajwa kama mwongozaji wa safari ile, alikuja kuheshimiwa rasmi kwenye sherehe za miaka 100, mwaka 1989. Miaka mia moja, wadau!

BINADAMU KAMA RULA

Hapa tuingie kidogo kwenye ufundi. Ukipiga picha ya mlima peke yake, macho yanashindwa kujua ukubwa wake. Jiwe linaweza kuwa la mita moja au mita hamsini, hujui. Ndiyo maana wapiga picha wa mandhari tangu zamani wanapenda kuweka mtu ndani ya picha. Macho yanamjua binadamu, kwa hiyo yanamtumia kupimia kila kitu kingine. Akiwa mdogo kabisa pembeni ya ukuta wa mawe, unashtuka: kumbe huu ukuta ni mkubwa hivi!

Ni mbinu safi, hata mimi naipenda. Tatizo ni kwamba mtu akishafanywa rula, watu wanasahau kwamba ana jina. Kwenye picha nyingi za zamani za Afrika Mashariki, maelezo yanataja mlima, mahali, mwaka, hata urefu kutoka usawa wa bahari. Kwa binadamu aliyesimama pale utakuta "mpagazi" au "mwenyeji". Jiwe lina jina, mtu hana.

PICHA ZINAGEUKA USHAHIDI

Mwaka 1912 walikuja Wajerumani wengine wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute. Hawa ndio wa kwanza kufika kilele cha Mawenzi. Klute alipiga picha za kupimia: unapiga kutoka sehemu tofauti, unapima kona na umbali, kisha picha zinageuzwa ramani. Ramani hiyo inajulikana kwa jina la Klute mpaka leo.

Kumbe hakuwa anajua anafanya kitu kikubwa kiasi gani. Kutokana na kazi ile, wanasayansi walikuja kukadiria kwamba mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi. Ilipofika 2011 ilikuwa imebaki 1.76. Yaani asilimia 85 imeondoka. Bila zile picha tungebaki na "wazee wanasema zamani ilikuwa nyeupe zaidi", na tungebishiwa kama Rebmann.

Na vifaa vya kazi hiyo, kamera, vipimo na vioo, havikupanda vyenyewe. Kwa hiyo ule ushahidi ambao dunia nzima inautumia kuongelea mabadiliko ya tabianchi ulibebwa kichwani na mtu wa hapa.

Tarehe 8 Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya Kilimanjaro na ndege yake akapiga picha kutoka angani. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kupata picha ya kilele bila mpagazi hata mmoja. Lakini walio wengi waliendelea kupanda kwa miguu, na mizigo ikaendelea kubebwa.

SIKU JINA LILIANDIKWA

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, ofisa wa jeshi, alipeleka bendera ya Tanganyika na Mwenge kileleni. Kilele kilichokuwa kinaitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani kikawa Uhuru. Mpaka leo ukitaja bendera kileleni, watu wanamtaja Nyirenda.

Ona tofauti. Mtu mweusi juu ya mlima, na safari hii hakuwa kipimo cha ukubwa wa mlima wala mbeba sanduku la mtu. Alikuwa yeye ndiye habari. Inawezekana, kumbe!

HIFADHI, MAHEMA NA SIMU

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Wageni wakaongezeka. Njia ya Marangu watu wanalala kwenye vibanda, Mandara, Horombo na Kibo. Njia kama Machame ni mahema mwanzo mwisho, na hapo ndipo zile picha kali za kambi zinapotoka.

Twende sasa na siku moja ya kambi. Asubuhi wewe unakunywa chai na kuondoka na kamera yako. Wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita kule mlimani, wanabaki kubomoa mahema, wanafunga mizigo, halafu wanakupita njiani. Kwa sheria ya hifadhi mzigo wa mgeni haupaswi kuzidi kilo 20, na juu yake mgumu ana vitu vyake mwenyewe. Ukifika Barranco, karibu mita 4,000, mahema yameshasimama, maji ya kunawa yapo, chakula kinanukia. Wewe unaona mandhari. Kiukweli nusu ya hayo mandhari imesimamishwa na mtu saa moja iliyopita.

Pale Barranco kuna ile miti minene kama nanasi kubwa lililowekwa juu ya nguzo. Aina ile inaota Kilimanjaro tu, kwingine duniani hakuna. Jua likizama, mawingu yanashuka bondeni, taa zinawashwa ndani ya mahema. Picha hiyo. Kamera juu ya miguu mitatu, sekunde 20 hivi lenzi wazi, nyota zinaingia. Usisahau kulala na betri ndani ya begi la kulalia, baridi inazimaliza haraka. Na droni usirushe bila kibali.

Kisha usiku wa kileleni. Kutoka Barafu, mita 4,673, watu wanaanza kupanda kwenye saa 6 usiku ili wakute jua juu, mita 5,895. Wagumu wengi kazi yao inaishia kambi ya mwisho. Wanaopanda na wewe ni mwongozaji na wasaidizi wake. Ukifika kwenye kibao unatetemeka, vidole havisikii, unampa mwongozaji simu. Yeye ndiye anayevua glovu kwenye baridi ya nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, anapiga tatu, anakwambia sogea kulia kidogo jua likuangaze, anapiga tena. Anaijua ile kona kwa sababu amefika pale mara nyingi mno.

Tangu 2022 intaneti imepelekwa mlimani, ilianza Horombo mwezi Agosti. Unaposti ukiwa hukohuko juu. Unataja koti. Unataja kampuni. Aliyepiga?

KWA HIYO TUFANYEJE

Kuna watakaosema, "Si wanalipwa?" Ndiyo, wanalipwa, na malipo ni mada yake kubwa inayojitegemea. Lakini hata mpiga picha wa harusi analipwa na bado jina lake linaandikwa pembeni. Malipo hayafuti jina.

Wengine watasema sio kila mtu anataka kuonekana. Kweli kabisa. Mgumu anaweza asitake nyumbani wamwone amebeba mzigo kwenye mvua. Ndiyo maana unauliza kwanza: "Kaka, naomba nikupige picha, na jina nikuandikeje?" Akikataa, shusha kamera. Akikubali, andika vile alivyotaka yeye.

Kizuri ni kwamba mambo yameanza kugeuka. Wagumu na waongozaji wana simu zao na kurasa zao. Wengi waongozaji walianza wakiwa wapagazi, na wanapanda mara nyingi kwa mwaka kuliko mpiga picha yeyote mgeni. Wanajua mawingu ya Shira yanafunguka saa ngapi. Wafuatilie hao.

Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Wengi wetu tutakuwa hai bado, tuna watoto, tunawaonyesha picha: "Hii nyeupe ilikuwa barafu." Mtoto ataelewa. Halafu atanyoosha kidole kwa yule mtu aliyesimama mbele ya barafu, na atauliza ni nani.

Kama una picha ya mlimani kwenye simu yako na jina la aliyemo au aliyepiga bado unalikumbuka, nenda kaliongeze leo kabla hujasahau. Tukutane kwenye stori nyingine!