Nguvu ya Baraza la Mataifa

Wasikilizaji wetu, twataka kulitazama swali ambalo wenye elimu ya siasa hawajamaliza kubishana juu yake. Mataifa yakiunda baraza la kusuluhisha magomvi yao, nalo baraza hilo halina jeshi lake, je, laweza kumlinda mnyonge?

Watu wa shauri la kwanza husema haliwezi. Kila taifa hujitafutia usalama na faida yake, na baraza ni chombo tu mikononi mwa wenye nguvu. E. H. Carr, mwanachuoni wa Uingereza, alieleza mawazo ya namna hiyo katika kitabu cha mwaka 1939. Watu wa shauri la pili husema laweza, maana mataifa yakizoea kukutana na kushika kanuni moja, huona kuwa amani ina faida kuliko vita. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini ya Rais Woodrow Wilson wa Marekani, ingawa nchi yake haikujiunga na Shirika la Mataifa lililoanzishwa mwaka 1920. Watu wa shauri la tatu husema kazi ya baraza ni kugeuza fikira, hata jambo lililokuwa halali jana likawa aibu leo.

Basi na tuyapime kwa mambo yaliyotukia. Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi, iliingia katika Shirika hilo mwaka 1923. Mkataba ulisema kuwa mwanachama akivunja ahadi na kupiga vita, ni kama amewapiga wote. Hata tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini wa Italia yaliivamia Ethiopia. Shirika likahukumu kuwa Italia imekosa, na biashara kadha wa kadha zikazuiwa. Walakini mafuta hayakuzuiwa, wala Mfereji wa Suez haukufungwa, hali meli za askari wa Italia zilipita humo. Uingereza na Ufaransa zilichelea kumsukuma Mussolini upande wa Ujerumani. Addis Ababa ikatekwa tarehe 5 Mei 1936. Mwezi Juni Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe Geneva, akasimulia jinsi watu wake walivyomwagiwa sumu kutoka angani. Mwezi uliofuata vikwazo vikaondolewa. Mwenye nguvu mpishe!

Lakini tusikate shauri mapema. Baada ya vita ya kwanza Uingereza haikupewa Tanganyika kuwa mali yake. Ilipewa kuiangalia, kwa masharti yaliyoandikwa. Mwaka 1946 nchi ikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wananchi wakawa na haki ya kupeleka malalamiko yao huko. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hata New York kuyaeleza hayo. Ardhi haikurudishwa wakati ule, bali mtawala alilazimika kujibu hadharani mbele ya mataifa. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kusema haja ya watu wake. Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 haukuletwa na New York; wananchi waliudai wenyewe. Lakini walidai wakiwa na ahadi iliyoandikwa, kama mtu adaiye deni akiwa na hati mkononi.

Kwa hiyo twaona kila shauri lina sehemu yake ya kweli. Wakubwa wasipotaka, baraza halimzuii mshambulizi, na hata leo mataifa matano kati ya 193 yana kura ya kuzuia maamuzi ya Baraza la Usalama. Lakini mtawala akiisha kutia sahihi masharti, mnyonge hupata mahali pa kumshitakia, nayo si nguvu ndogo.

Ninyi wanafunzi, msikiapo habari za mabaraza hayo, ulizeni mambo matatu: Kanuni imeandikwa na nani? Nani aweza kuikataa? Na yule mnyonge, je, amepewa nafasi ya kusema?