Makambako: Mji wa Njia Panda, Mbao na Moto

Hapa Makambako, nchini Tanzania, barabara ya Njombe na Songea huachana na barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma, na treni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, husimama. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilikabidhiwa mwaka 1976.

Ni mji wa mbao, kwa hiyo ni mji wa kuogopa moto. Kiangazi misindano na miwati hukauka. Cheche ya mkulima anayesafisha shamba, ikipata upepo wa nyanda za juu, inatosha. Silaha za wanakijiji ni matawi mabichi, majembe na njia za kuzuia moto.

Moto ukiwashinda, huitwa zimamoto. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa vya halmashauri, hadi sheria ya 2007 ilipounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ukiona moshi, piga 114.