Zimwi Lililopewa Ulimi

Waswahili husema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu methali hii hutajwa katika mambo ya jamaa na jirani, walakini ndani yake mna kanuni ambayo watengenezaji wa picha za kutisha wameijua kwa hasara: kitu kikijulikana, sehemu kubwa ya hofu yake huondoka. Picha ya kwanza hupewa giza bure, kwa kuwa mtazamaji hajui kitu gani kinakuja. Picha ya pili haina bahati hiyo. Uso umekwisha onekana, mshindo wa miguu umekwisha sikika, na watoto wamekwisha uigiza mwendo wa zimwi viamboni. Si ajabu, basi, kwamba picha nyingi zinazofuata nyayo za mama zao huwa mwangwi tu. Mojawapo iliyompita mama yake ni Bride of Frankenstein, iliyotolewa na kampuni ya Universal ya Marekani mwaka 1935.

Na mama huyo hakuwa dhaifu. Frankenstein ya mwaka 1931, iliyoongozwa na Mwingereza James Whale, ilikuwa picha ya dakika 70 tu, lakini ilimfanya Boris Karloff kuwa mtu mashuhuri baada ya miaka mingi ya kucheza sehemu ndogo ndogo. Mwanzoni mwa picha, pale majina ya wachezaji yanapoonyeshwa, mahali pa jina lake paliwekwa alama ya kuuliza. Zimwi lilipoingia chumbani kwa mara ya kwanza liliingia kinyumenyume, kisha likageuka polepole, na uso uliotengenezwa na Jack Pierce ukasogezwa karibu na mtazamaji, hatua kwa hatua. Hapakuwa na muziki wa kumtayarisha mtu kwa ajili ya jambo hilo; muziki ulikuwa mwanzoni na mwishoni tu. Mwisho wa hadithi watu wa kijiji wakalizingira zimwi katika kinu cha upepo, wakakitia moto.

Kazi hiyo ilitokana na kitabu cha Mary Shelley kilichotolewa mwaka 1818, ila iliacha deni kubwa. Katika kitabu, kiumbe yule husema. Hujifunza lugha kwa kuwasikiliza watu wa nyumba moja ambao hawajui kuwa yuko karibu nao, husoma vitabu, kisha humkabili muumba wake na kumdai mwenzi wa kike wa namna yake. Muumba hukubali, huianza kazi, halafu huivunja kabla ya kiumbe wa pili kupata uhai. Picha ya mwaka 1931 haikuwa na lolote katika hayo. Zimwi lilifanywa bubu, likawa la kuonewa huruma kwa macho tu, kama mnyama aliyenaswa mtegoni.

Whale hakuwa na hamu ya kurudia. Alitengeneza kwanza The Old Dark House mwaka 1932 na The Invisible Man mwaka 1933, na alipokubali hatimaye, hakukubali kupika chakula kile kile. Picha yake ya pili huanza katika usiku wa radi na mvua, Mary Shelley akiwa ameketi pamoja na mumewe na mshairi Byron. Byron hukumbusha habari zilizopita. Mwanamke hujibu kuwa hadithi haijakwisha. Mara mtazamaji yuko mbele ya kinu kile kile, nacho kingali kinafuka moshi.

Hapo ndipo Whale anapoipindua methali. Baba wa mtoto aliyekufa maji katika picha ya kwanza anataka kuiona mifupa ya adui yake. Anashuka, sakafu inavunjika, anatumbukia katika maji yaliyo chini ya kinu. Zimwi limo majini, li hai. Linamwua. Juu, mkewe hajui. Anainama, ananyosha mkono ili amvute mumewe, na mkono anaoushika ni wa zimwi. Mtazamaji ameujua mkono ule tangu miaka minne iliyopita, na kwa sababu ameujua ndiyo maana roho yake inamwinuka. Kama angekuwa mgeni wa mambo haya, angeona mkono tu.

Hata hivyo, kiini cha ubora wa picha hii hakimo katika kisima kile bali katika kibanda cha mzee kipofu. Zimwi, limejeruhiwa na linawindwa, linavutwa na sauti ya fidla. Mzee halioni, kwa hiyo haliogopi. Analilisha, analipa pa kulala, anamshukuru Mungu kwa kumletea mwenzi katika upweke wake, na analifundisha maneno machache: mkate, kinywaji, wema, ubaya, rafiki. Hapana pazia la kutisha wala kivuli ukutani, lakini taharuki yenyewe ni kali kuliko ile ya kisimani. Kila dakika ya amani inamfanya mtazamaji autazame mlango. Hakuna anayeogopa tena kwamba zimwi litamdhuru mtu. Kila mmoja anaogopa kwamba mtu atabisha hodi. Na watu wanabisha: wawindaji wawili wenye bunduki, waliopotea njia. Baada ya muda mfupi kibanda kinawaka moto, mzee anaongozwa nje, na zimwi limebaki peke yake likimwita rafiki.

Karloff mwenyewe hakupenda zimwi liseme. Alidhani kuwa ulimi ungeipunguza nguvu ya kiumbe aliyemchonga kwa ukimya. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana bubu huacha nafasi ya mtazamaji kuwaza. Lakini neno rafiki haliwezi kuombwa kwa ishara likaumiza vile. Na baada ya kulisikia, hakuna awezaye kulirudisha zimwi katika kundi la wanyama.

Sehemu ya Daktari Pretorius, aliyechezwa na Ernest Thesiger, ina upungufu wake. Wale watu wadogo aliowafungia ndani ya chupa, mfalme, malkia na wenzao, ni mzaha wa werevu, lakini mzaha huo unachukua muda ambao hofu ingeuhitaji. Mambo yanarudi katika njia yake siku ya kumwumba bibi arusi. Franz Waxman, mtunzi wa muziki aliyeihama Ujerumani, aliweka ngoma inayodunda kama moyo chini ya ngurumo na mitambo, hata mtu akahisi pigo lile katika kifua chake.

Bibi arusi haonekani ila kwa dakika chache. Ni Elsa Lanchester, mwanamke yule yule aliyecheza Mary Shelley mwanzoni, nywele zake zimesimama na michirizi myeupe kando. Zimwi linamkaribia kwa adabu, linauliza kama yeye ni rafiki, linaushika mkono wake na kuupapasa. Yeye anapiga kelele. Katika kitabu ni muumba aliyelinyima zimwi mwenzi. Hapa mwenzi ameletwa, yu hai, na ndiye anayekataa. Hukumu hiyo haina rufani. Zimwi linawaruhusu Henry Frankenstein na mkewe waondoke, linawaambia waliobaki kwamba mahali pao ni kwa wafu, na huku chozi likilitoka linavuta mtambo unaolibomoa jengo lote.

Kampuni haikuweza kuliacha zimwi katika kifusi. Mwaka 1939 ilitoa Son of Frankenstein, iliyoongozwa na Rowland V. Lee, nayo ni picha yenye majumba mazuri na wachezaji hodari. Karloff alilicheza zimwi kwa mara ya tatu, na hakulicheza tena katika picha nyingine ya hadithi hiyo. Alivaa viatu vile vile vizito, uso ule ule, na ulimi umeondolewa.