Mamlaka ya Maji Ikifutwa, Bomba Linakuwa la Nani?

Marekani kuna taasisi ambayo jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, linatoka "wilaya ya maji". Msomaji wa Singida akikutana nalo atafikiria Iramba, Mkalama au Manyoni, mkuu wa wilaya na gari lake la bendera. Siyo hicho. Ni chombo cha umma kilichoundwa kisheria kwa kazi ya kupeleka maji katika eneo lenye mipaka yake. Kina bodi, mara nyingi ya kuchaguliwa na wakazi, kinatoza ankara, pengine na kodi, na kinaweza kukopa. Jina lake kwetu lipo siku zote: mamlaka ya maji. Mji wa jirani ukitanuka hadi kulimeza eneo lake, mamlaka hiyo huweza kufutwa na mali zake zikaenda kwa jiji. Tendo hilo zima ndilo tunalolitafutia istilahi.

Magazeti yetu hukimbilia "kuvunja", na neno hili linabeba mengi. Bunge huvunjwa kila uchaguzi mkuu unapokaribia, lakini taasisi ya Bunge haifi. Waziri akivunja bodi ya mamlaka ya maji, wajumbe wanaondoka, mamlaka inabaki na pampu zake na madeni yake, na asubuhi yake wasoma mita wanaingia mitaani kama kawaida. Tarehe 24 Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam nayo "ilivunjwa" na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Hapo kilichokoma ni chombo chenyewe. Neno moja, mambo mawili yaliyo mbali. Mimi ningewaachia wajumbe "kuvunja", na chombo kikiondolewa kwenye vitabu vya sheria ningesema "kufutwa". "Kufilisi" tuliweke kando: mfilisi huuza mali ili wadai walipwe, na tenki linalonywesha mji halipigwi mnada.

Tukija nyumbani, mkondo unageuka. SUWASA, mamlaka ya maji inayouhudumia mji wa Singida, ina jina la mji lakini si idara ya manispaa. Iko chini ya Wizara ya Maji. Diwani anaweza kulalamika barazani kuhusu mgao hadi jua lizame, bomba si la baraza. Na badiliko kubwa la miaka ya karibuni halikuzipa serikali za mitaa mali za maji, liliziondolea. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2019. Wahandisi wa maji wa wilaya, waliokuwa wakiripoti kwa wakurugenzi wa halmashauri, wakahamia kwa wakala pamoja na kazi yao. Ikungi, Itigi, Mkalama, kote huko idara ya maji ya halmashauri ikaacha kuwa mwenye miradi.

Wakala haukupokea visima na magari tu. Ulipokea pia ile inayoitwa kwenye sekta "miradi chechefu": mitandao iliyokwama, tenki lisilo na bomba, bomba lisilo na maji. Watumishi wa maji husema miradi hiyo "imerithiwa", na kwa maoni yangu hilo ndilo neno bora kuliko yote. Mrithi hachagui shamba akakataa deni. Deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Ndiyo maana tafsiri inayosema "kuhamisha mali" peke yake ni pungufu. Iseme "mali na madeni", au kwa upana zaidi "haki na wajibu", kwa sababu vinavyohama ni pamoja na mkataba wa mkandarasi, kibali cha kutumia maji, mishahara, na ankara ambazo wateja hawajalipa. Anayedaiwa hasamehewi kwa kuwa nembo kwenye ankara imebadilika.

Palipo na utata zaidi ni kati ya kukabidhi na kuhamisha umiliki. Chukua kisima kirefu kijijini. Siku ya makabidhiano zinaletwa funguo za nyumba ya pampu, jenereta linawashwa mbele ya mashahidi, dira kuu inasomwa, kila kilula kinaandikwa kwenye orodha, na pande mbili zinatia saini. Picha zinapigwa. Lakini tenki limesimama kwenye ardhi ya kijiji, na kama kipande kile hakikupimwa wala kutolewa hati, saini zile zimehamisha uangalizi tu. Wajukuu wa aliyetoa eneo wakija kudai fidia, mwenye funguo hatakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.

Dar es Salaam wanalijua hili kwa njia ya mikataba. DAWASA, mamlaka ya maji ya huko, ilikuwa mmiliki wa mabomba; kampuni ya City Water, iliyoingia 2003, ilikuwa mwendeshaji. Serikali ilipovunja mkataba huo Mei 2005 na kuileta DAWASCO kuwa mwendeshaji, bomba halikubadili mwenyewe hata kidogo. Mwaka 2018 DAWASCO ilipounganishwa na DAWASA, mmiliki na mwendeshaji wakawa mmoja.

Basi habari ya aina hiyo kutoka Marekani, ikifika kwenye meza ya mhariri Singida, ningeiandika hivi: "Mamlaka ya maji ya eneo hilo imefutwa; haki, mali na madeni yake vyote vimerithiwa na halmashauri ya jiji kuanzia tarehe iliyotajwa na sheria." Nafasi ikibana kwenye ukurasa, nitakata "ya eneo hilo" kwanza. Neno "madeni" nitaligombania hadi mtambo wa uchapaji uwashwe.