Msasa, Wala Si 'Ukosoaji Chanya'

Ukosoaji chanya umefika Eastlands, Nairobi. Umeingia kupitia mlango wa warsha, tai shingoni, na sasa vijana wa Buruburu, Umoja na Kayole wanaotunga hadithi za mashabiki wanaambiwa kwamba hicho ndicho wanachopaswa kupeana wanaposomeana kazi. Waliolibuni neno hili wana vyeo na wana mihuri. Masikio, sina hakika.

Ugomvi uliowaleta wenye warsha unajulikana na kila aliyewahi kukaa na watunzi hawa. Mmoja ameendeleza safari za Kongowea Mswahili kutoka pale Ken Walibora alipoziachia katika riwaya yake Siku Njema (1996). Mwingine amemchukua Boyie wa Shujaaz, jarida la katuni la Sheng lililoanza 2010, akamzulia mkasa wa Dandora. Msomaji anasema mazungumzo yamepwaya na kisa hakina kichwa wala miguu. Mtunzi anajibu kwamba hakumwomba mtu maoni: kazi ni zawadi, haiuzwi, asiyeipenda aiache. Anarudishiwa kwamba kazi mbovu ikisifiwa, kikundi kizima kitabaki kibovu. Sauti zikishapanda, wataalamu hutokea na dawa yao: peaneni ukosoaji chanya.

Tuanze na chanya. Hili ni neno la hesabu na la umeme: namba chanya, chaji chanya. Nalo halitembei peke yake. Popote lilipo, hasi yu karibu. Na hasi, kwa wasio na mazoea ya kufungua kamusi, ina maisha ya pili: kama kitenzi, kuhasi ni kumtoa mnyama makende, na mzizi wake wa Kiarabu ndio uleule uliotupa maksai. Kwa hiyo waheshimiwa, bila kujua, wamewagawia vijana wetu wakosoaji wa aina mbili, wa betri na wa zizini.

Kosoa nayo imeonewa. Tazama umbo lake: kosa, kosoa. Ni kiambishi kilekile cha kutendua tunachokiona katika funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua. Anayekosoa, kwa hesabu ya sarufi, anaondoa kosa. Wema ulikuwa ndani ya kitenzi tangu kilipoundwa, na kukibandika 'chanya' ni kuyaongezea maji umajimaji. Hata hivyo sikitetei kupita kiasi, maana mazoea yamekichakaza. Leo kukosolewa ni kuaibishwa, na kijana aliyekosolewa mbele ya wenzake hulalamika kwamba amechomewa picha. Neno lililofika hapo halirudishwi na kivumishi.

Wengine wamekimbilia uhakiki. Hili nalistahi. Limetoka katika haqq ya Kiarabu, ukweli na stahiki kwa pamoja, na ndugu zake ni haki, hakika na hakikisha. Mhakiki hupima, kisha hutoa hukumu. Lakini hukumu ina wakati wake. David Maillu alipoanza kuchapisha vitabu vyake jijini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kupitia kampuni yake mwenyewe, Comb Books, wasomaji walivigombania, After 4.30 (1974) kikiwa kimojawapo. Wasomi, Chris Wanjala miongoni mwao, waliikemea fasihi pendwa ya namna hiyo, na Tanzania ikavipiga vitabu vya Maillu marufuku mwaka 1976. Ukubaliane nao usikubaliane nao, wasomi walikuwa wakihakiki: vitabu vilikuwa sokoni, vimeshalipiwa, na aliyenunua ana haki ya kulalamika. Hadithi ya shabiki wa Umoja haijauzwa, na mara nyingi haijakwisha. Kuihakiki ni kumhukumu mtu kesi ikiwa bado inasikilizwa.

Ndiyo maana nimeshikilia msasa.

Kabla haujawa karatasi ya dukani, msasa ni mti. Ni wa jamii moja na mkuyu, na majani yake hukwaruza kiasi kwamba mafundi waliyatumia kulainisha mbao. Wataalamu wa mimea wanauita Ficus exasperata, jina ambalo kwa Kilatini nalo linataja ukwaruzo huohuo. Kutoka jani neno likahamia karatasi, na kutoka mbao likahamia maandishi. Ni nadra kumpata mhariri wa Kiswahili nchini Kenya ambaye hajawahi kusema kwamba mswada fulani unahitaji kupigwa msasa. Na asitokee wa kuniambia kwamba 'piga' ni ukatili. Tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga chapa, na hakuna anayepelekwa hospitali.

Tunapiga randa vilevile, na randa ndiyo ambayo wapinzani wangu huisahau. Gikomba, ambako mbao hupasuliwa na kuungwa mchana kutwa, fundi hashiki msasa kabla ya randa. Randa huondoa maranda, msasa huondoa ukwaruzo. Kisa kisichosimama kinataka randa. Sentensi zinazokwaruza zinataka msasa. Magomvi mengi ya watunzi wetu huanza pale mtu anapoombwa msasa akaja na randa, au anapokuja na randa bila kuombwa chochote. Maana mbao ina mwenyewe, na hakuna anayeingia karakana ya jirani akaanza kusugua kabati lake. Ruhusa imo ndani ya neno. Tafuta ruhusa hiyo ndani ya 'chanya' uniletee.

Pingamizi nimezisikia. Ya kwanza ni kwamba neno limeshachukuliwa na Bunge: chini ya Katiba ya 2010, walioteuliwa kuwa mawaziri 'hupigwa msasa' na wabunge kabla ya kuapishwa. Hilo ni kosa la vyumba vya habari. Kumuuliza mtu kuhusu mali yake na vyeti vyake ni kumsaili, na bado sijamwona aliyetoka katika usaili huo akiwa laini kuliko alivyoingia.

Ya pili ni ya mwenzangu anayeng'ang'ania 'msomaji beta', yaani msomaji wa rasimu. Mashabiki wa Marekani, waliokuwa na jarida lao la Spockanalia tangu 1967, baadaye waliiazima beta kwa watengenezaji wa programu, nao waliitoa kwa Wagiriki. Basi kijana wa Kariobangi avuke bahari mbili kutafuta jina la kazi ambayo fundi wa jirani yake anaifanya kila siku?

Ya tatu iliniuma, sitaficha. Pendekezo langu nililipeleka kwa kamati moja ambayo sitaitaja. Lilirudi likiwa na maneno matatu pembeni: 'neno la mafundi'. Ni kweli, ni la mafundi. Mshairi hufuma, mtambaji husuka visa, na sanaa yenyewe, huko Uarabuni ilikotoka, ni ufundi. Anayelionea haya neno la mafundi na aanze kwa kuifuta sanaa kwenye kamusi.

Kuhusu matumizi, hayana mengi: kupiga msasa, mpiga msasa, na juu ya ukurasa wa kwanza mtunzi aandike 'naomba msasa', 'naomba randa' au 'someni tu', hata wanapokutana katika maktaba ya Kaloleni au ya Makadara. Uhakiki uachiwe vilivyochapishwa.

Kamati nayo ikiona makala haya yanakwaruza, ina ruhusa yangu kuyapiga msasa. Randa sikuomba.